Maji Yatokayo Chini ya Chungu

Mmea uliopandwa ardhini una uhuru ambao mmea wa chunguni haukujaaliwa kuupata: ukikosa maji juu hupeleka mizizi yake chini, ukikosa chakula upande mmoja hukitafuta upande wa pili, na mwenye shamba akisahau zamu yake siku moja au mbili, ardhi yenyewe humsitiri kwa akiba iliyoiweka tangu masika. Mmea wa chunguni hauna akiba wala pa kukimbilia. Kila tone la maji na kila chembe ya mbolea iufikiayo hutoka katika mkono wa mtu mmoja, na kwa sababu hiyo kazi ya kitalu cha maua, ambayo mpita njia huidhania kuwa ni kazi nyepesi ya kushika mpira na kurashia, ni miongoni mwa kazi zitakazo hesabu na hadhari kubwa kabisa katika kilimo chote.

Apitaye Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam huviona vitalu hivyo kandokando ya njia: bogenvilia za kila rangi, krotoni, haibiskasi, iksora, mitende ya mapambo, miche ya asumini na ya mlangilangi, yote imo katika viriba vyeusi, makopo na vyungu vya saruji, na wenyewe wamo katikati yake tangu alfajiri. Wengi wao hawakufundishwa kazi hii katika chuo chochote. Waliirithi kwa kutazama na kujaribu, na ustadi wao wa kupandikiza, kukata na kuotesha vikonyo unastahili heshima kuliko ile wanayopewa. Lakini maji huwagharimu sana. Ya bomba hukatika, ya boza hununuliwa, na ya kisima mara nyingi yana chumvichumvi kwa ujirani wa bahari. Neno nililo nalo ni hili, ya kwamba maji na mbolea katika kitalu ni jambo moja wala si mawili, na kwamba kipimo chake hakipatikani juu ya chungu, pale ambapo jicho hutazama, bali chini yake, pale ambapo maji hutoka.

Kwanza ni lazima kukijua chungu chenyewe. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe hata ishibe, uilaze bapa juu ya waya mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe wima kwa urefu wake, nayo itadondosha tena, ingawa hukuiongeza maji wala hukuikamua. Udongo wa chunguni una tabia hiyo hiyo. Maji hayatoki katika tundu la chini mpaka tabaka la mwisho la udongo limeshiba kabisa, na likishamaliza kutoa kilichozidi, tabaka hilo hubaki limejaa maji, halina pumzi. Unene wake hufuata wembamba wa vinyweleo vya udongo, wala haufuati kimo cha chungu. Kwa hiyo udongo ule ule, ukitiwa katika kopo fupi, sehemu kubwa yake ni tope lisilo hewa, na ukitiwa katika chungu kirefu, sehemu hiyo huwa ndogo. Hapo ndipo ilipo asili ya mizizi mingi inayooza katika viriba vifupi vilivyojazwa udongo mwekundu mtupu. Na desturi iliyoenea ya kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yapate njia, pamoja na nia yake njema, haileti faida iliyokusudiwa: maji husimama katika udongo mwembamba yasikubali kushuka katika nafasi pana za kokoto mpaka udongo ushibe, na tabaka lile la tope, badala ya kuondoka, hupandishwa juu karibu zaidi na mizizi.

Jambo hili liliwashughulisha watu wa nchi nyingine kabla yetu. Huko Uingereza, katika miaka ya 1930, chuo cha bustani cha John Innes kilitoa kanuni za kuchanganya udongo wa vyungu ambazo hadi leo hutajwa kwa jina lake. Na huko California, ambako wenye vitalu walikuwa wakiotesha miche yao katika makopo ya chuma yaliyokwisha tumiwa kwa vyakula, wataalamu wa Chuo Kikuu walitoa mwaka 1957 kitabu cha mwongozo kilichowahimiza kuacha udongo wa shambani na kutumia mchanga mwembamba pamoja na mboji ya vinamasi. Sisi wa pwani tumejaaliwa kitu ambacho wao hukiagiza kwa meli, nacho ni vumbi la makumbi ya nazi, jepesi, lenye kushika maji bila ya kufukuza hewa yote. Ila lina sharti. Makumbi yaliyofukiwa katika mchanga wa pwani, kama wafanyavyo akina mama wa Unguja wanaotengeneza usumba, hunywa chumvi ya bahari, na vumbi lake lisipooshwa kwa maji matamu mara kadhaa, likaachwa likachuja kila mara, huuchoma mche mchanga kabla haujatia jani la pili.

Tukishakijua chungu, tuyatazame maji yaendayo kwake. Vyungu vya duara vikipangwa safu kwa safu hata vigusane, midomo yake hufunika kama sehemu 78 katika 100 za ardhi. Nyingine ni nafasi baina yao. Mimea ikikua ikatengwa, pakawa na nafasi ya upana wa chungu kimoja kati ya chungu na chungu, midomo hiyo hubaki sehemu 20 tu katika 100. Sasa tuseme mwenye kitalu ana eneo la mita za mraba 100, naye hulinyunyizia kutoka juu maji ya kina cha milimita 10. Hizo ni lita 1,000. Kama lita 200 huangukia vyungu, na lita 800 huangukia njia, magugu na miguu ya wafanyakazi. Tena katika zile 200 yako yanayopigwa na majani mapana yakarushwa nje kama yapigwavyo na mwavuli. Asiyeamini na apange makopo yaliyo sawasawa kati ya vyungu vyake, afungue maji kwa robo saa, kisha atie kijiti katika kila kopo apime kina. Ataona kopo moja limejaa maradufu kuliko la pili, na atajua kwa nini safu ya ukingoni hunyauka ilhali ya katikati inaoza, na kwa nini yeye, kwa kuihurumia ile ya ukingoni, amekuwa akiizamisha ile ya katikati kila siku.

Mpira wa mkononi, ukishikwa na mtu makini, hushinda vinyunyizio vingi, mradi una kichwa cha kurashia kisichochimba udongo na kifungio karibu na mkono, ili maji yakatwe wakati wa kuvuka kutoka safu hadi safu. Na kugawa maji katika vipindi ni tadbiri isiyogharimu hata senti. Vumbi la makumbi, maranda na pumba vikikauka sana huyakataa maji ya kwanza, yakateleza kando ya ukuta wa chungu na kutoka chini, na mtia maji akiyaona yametoka hudhani chungu kimeshiba. Maji yale yale yakigawanywa mara tatu, kwa kitambo cha nusu saa au zaidi kati yake, ya kwanza hulainisha, na yanayofuata huingia.

Hapo mbolea nayo inaingia katika hesabu. Naitrojeni, ambayo ndiyo chakula kitakwacho kwa wingi na majani, aghalabu huifikia mizizi katika sura ya nitrati. Na nitrati ina chaji ya umeme iliyo sawa na ile ya chembe za mfinyanzi na za mboji, kwa hiyo hazishikani, na maji yakipita huichukua. Fosforasi, ambayo katika udongo mwekundu wa mashamba hukamatwa na madini ya chuma hata mimea ikaikosa, katika mchanganyiko wa makumbi na pumba haina wa kuikamata, nayo hutoka. Tuchukue mfano wa kitalu cha vyungu 10,000 kinacholishwa kila siku kwa maji yenye miligramu 150 za naitrojeni katika kila lita, na kila chungu kinadondosha chini mililita 300, kiasi ambacho hakuna atakayekishangaa kwa kukiona. Kwa siku moja ni lita 3,000 zimekwenda, pamoja na gramu 450 za naitrojeni. Kwa mwezi ni kilo 13 na nusu, ambazo kwa kuwa yurea ina sehemu 46 za naitrojeni katika 100, ni sawa na kilo 29 za yurea: zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 50, umenunuliwa, umebebwa, umeyeyushwa na kumwagwa mferejini. Mwenye kitalu huyo akiona majani yake yamepauka atasema mbolea ni hafifu, ataiongeza, na maji atayaacha kama yalivyo.

Kipo kipimo kinachoweza kumwonyesha hali yake, nacho kilianza kutumiwa na watu wa vitalu wa Virginia, Marekani, katika miaka ya 1980. Mtu humwagilia chungu kama ilivyo desturi, hungoja nusu saa hata saa nzima mpaka maji yatulie, kisha hukiinua chungu na kukiweka juu ya vijiti viwili ndani ya sahani safi. Humimina juu ya udongo, polepole na kwa kuzunguka, maji kidogo matupu, mpaka chini ya chungu yatoke kiasi cha mililita 50. Yatokayo si yale aliyoyamimina sasa hivi. Ni yale yaliyokuwa yamekaa pamoja na mizizi, yakasukumwa na mapya, yakashuka na habari zote za mle ndani. Hutia humo kipima chumvi, kile kidogo cha mkononi ambacho wafanyakazi wa mashamba ya maua hukiita mita ya EC, akasoma nambari. Kwa miche mingi ya vichaka vya mapambo, nambari iliyo chini ya 0.2 ni dalili ya njaa, na ile ipitayo 2 ni onyo la chumvi kurundikana. Lakini ni wajibu kwanza apime maji yake ya kisima peke yake. Maji ya visima vya pwani huweza kuwa na 1 au zaidi yakingali matupu, na mtu asiyelijua hilo ataisoma chumvi ya bahari akadhani ni mbolea, akaacha kuilisha mimea iliyo na njaa.

Aliyekosa mita hakukosa kila kitu. Aweke chungu juu ya beseni, apime kwa kikombe maji yaliyoingia, apime na yaliyotoka. Yakitoka sehemu 10 hadi 15 katika 100, yanatosha kuosha chumvi iliyobaki. Yakitoka 40, anaosha mbolea yake mwenyewe. Kwa maji yenye chumvi kipimo hiki hakina budi kuongezwa, na hapa mwenye kitalu wa pwani yumo katika dhiki ambayo mwenzake wa Lushoto haijui, kwa kuwa akitia maji machache chumvi humuulia mimea, na akitia mengi mbolea humkimbia. Dawa iliyo bora kwake ni kuyachanganya maji ya kisima na ya mvua, na kuchagua mimea kwa tabia ya maji aliyonayo: bogenvilia huvumilia chumvi ambayo waridi haiwezi.

Yako maji mengine ambayo ubaya wake hauonjeki ulimini. Katika miteremko ya Mlima Meru, upande wa Arusha, ziko chemchemi na mito yenye madini ya floridi mara nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka kwa maji ya kunywa. Watu wa Maji ya Chai na Ngare Nanyuki wanaujua msiba huo kwa meno na mifupa ya watoto wao, na huko Ngurdoto pana kituo cha serikali kinachochunguza namna ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Huo ni msiba mkubwa kuliko wa maua, na sitaki kuulinganisha nao. Ila jamii ya drasena, ambayo ndugu zake ni yale masale ambayo Wachagga huyapanda mipakani na kuyachukua mkononi waendapo kuombana radhi, ni dhaifu mno mbele ya floridi, na baadhi ya aina zinazouzwa kwa mapambo ya ndani hudhurika hata kwa maji ambayo binadamu huyanywa bila ya madhara. Floridi hupanda na maji katika shina, hufika ncha ya jani na pindo zake, maji yakaenda hewani na yenyewe ikabaki, haina njia ya kurudi. Ncha hugeuka kahawia, kavu, na ukingo wa manjano baina yake na sehemu iliyo hai. Mtunzaji akiona hivyo husema ni kiu, akazidisha maji, na kila ndoo aiongezayo ni floridi anayoiongeza. Au husema ni njaa, akatia mbolea ya fosfeti, asijue kuwa miamba itengenezwayo mbolea hiyo nayo ina floridi ndani yake. Linalosaidia ni chokaa kidogo katika mchanganyiko, ili uchachu wake upungue na kalisi iishike floridi isiingie mizizini, pamoja na maji ya paa. Na paa la mita za mraba 100 huteremsha karibu lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua.

Maji yaliyotoka chunguni hayakomei penye uzio. Ziwa Naivasha, nchini Kenya, ni ushahidi ambao Afrika Mashariki yote imeutazama: ziwa la maji matamu lisilo mto wowote utokao juu ya ardhi, lililoandikwa mwaka 1995 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye kulindwa, na lililozungukwa na mashamba ya maua yanayolisha masoko ya Ulaya. Baada ya ukame wa mwaka 2009 maji yake yalishuka sana, na mapema mwaka 2010 samaki wakafa wakaelea. Wavuvi wakawashitaki wenye maua, na wenye maua wakajitetea kwa kusema kuwa maji yalipungukiwa na hewa. Insafu yataka isemwe kuwa maji machafu ya mji na udongo wa mashamba ya milimani kwenye mto Malewa vina sehemu yao katika madhara ya ziwa. Lakini fedheha ile ilisaidia kuamsha akili. Baadhi ya mashamba hayo leo hukinga maji yatokayo katika vitanda vya maua, huyachuja na kuyarudisha kwa mimea, na yale yasiyorudishwa hupitishwa katika mabwawa ya mafunjo na matete, ambako bakteria waishio katika tope lisilo hewa huivunja nitrati na kuigeuza gesi ya naitrojeni, ambayo hurudi angani bila ya kumdhuru mtu.

Jambo la mbolea za vidonge vilivyovikwa ngozi, ambazo huyeyuka kidogo kidogo, nitalipitia upesi. Ni nzuri, na hupunguza hasara ya mbolea ya maji kwa kiasi kikubwa, ila miezi iliyoandikwa juu ya mfuko aghalabu imehesabiwa kwa udongo wa nyuzi 21 za joto. Kiriba cheusi kilichoelekea jua la Dar es Salaam hupita nyuzi 40. Mbolea ya miezi 6 hapa si ya miezi 6, na anayeitia mwezi wa Machi, masika yakianza, huitoa sadaka kwa mvua.

Watu wengine watasema: basi wenye vitalu vya mjini nao wachimbe mabwawa kama mashamba ya Naivasha, watandaze mabomba ya matone, wayarudishe maji. Mimi nasema kwanza tutazame wamekaa wapi. Vitalu vingi vya kando ya njia vimo katika hifadhi ya barabara, ambamo mwenye kitalu hana hati, na barabara ikipanuliwa huambiwa aondoke na vyungu vyake. Mtu wa hali hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutochimba bwawa la saruji asilolijua mwakani litakuwa la nani. Manispaa zikiwatengea wenye maua maeneo ya kudumu, hata kama ni madogo, yenye mfereji mmoja wa pamoja na shimo moja la matete, zitapata haki ya kuwadai wayachunge maji. Kabla ya siku hiyo, tadbiri zinazowafaa ni zile zinazobebeka: kichwa cha mpira chenye kifungio, makopo ya kupimia, karatasi ya nailoni iliyotandazwa kwa mteremko chini ya vyungu ili maji yakusanyike katika pipa moja. Na maji ya pipa hilo yarudishwe kwa mimea iliyokomaa na yenye mizizi migumu, kama bogenvilia na mitende, wala yasipelekwe kwa vikonyo vichanga, kwa sababu vimelea vinavyoozesha mizizi huogelea katika maji yaliyotumika, na pipa lisilochujwa kwa mchanga huweza kuugawa ugonjwa wa chungu kimoja kwa kitalu kizima katika muda wa juma moja.